Kioo Chekundu Upande wa Mvua

Dirisha nililolichora ndilo lilikuwa la kwanza lenye vioo vya rangi katika vikanisa vya upande ule wa Bukombe, na halikuwa na mtakatifu hata mmoja. Padri alitaka Pentekoste. Nikamchorea ndimi za moto, vipande vyekundu vyenye ncha vinavyopanda toka chini hadi juu, na katikati rangi ya mtama ulioiva. Vioo vilikuja kwa treni hadi Isaka, kisha kwa lori, vimefukiwa ndani ya pumba za mpunga. Nilivikata kwa almasi kufuata mchoro, nikavishika kwa vipande vya madini ya risasi na kulehemu kila kiungo.

Nilikuwa mtu wa kuja, kwetu Bukoba. Hakuna aliyeniambia neno mpaka dirisha liliposimama.

Jumapili hiyo wanawake waliishia mlangoni. Kiongozi wao, mkulima mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe zizini, aliniita nje.

"Fundi, umeweka nyekundu upande mvua inakotokea?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Ule ni moto wa Roho Mtakatifu."

"Moto huohuo utafukuza mbula. Mvua ikichelewa hapa, hatuvai hata kitambaa chekundu. Tunatafuta kondoo mweusi wa tambiko, mweusi kama wingu. Wewe umetuletea jua la pili!"

"Msameheni," mwenzake akadakia. "Kwao wanakula ndizi. Mgomba hauombi mvua."

Wakacheka, wakarudi makwao bila kusikiliza misa.

Mvua ilikuwa imechelewa kweli. Mbegu zilikuwa zinakauka mashambani. Asubuhi nilikuta dirisha langu limepakwa mavi ya ng'ombe kwa nje. Nikapanda ngazi, nikaosha. Kesho yake yakapakwa tena, mazito zaidi. Nikaacha kuwasalimu. Nao nikipita walitema mate, wakisubiri kwanza nitazame.

Nilimwomba Padri afunge lango. Yeye aliyeusifu mchoro wangu sasa alikuwa anatazama mabenchi matupu.

"Toa nyekundu," alisema.

"Nikiitoa, Baba, dirisha litabaki na nini?"

"Litabaki na watu wa kulitazama."

Nikailegeza risasi kwa kisu. Kila kioo chekundu nilichokitoa nilikivunja, asije fundi mwingine akakitumia. Mahali pake nikatia buluu nzito, karibu na nyeusi, ambayo nilikuwa nimeiagiza kwa ajili ya pindo. Zile ndimi za moto zikawa mawingu yaliyoinama juu ya mtama.

Yule mama alikuja peke yake kukagua. Alisimama sakafuni ndani ya mwanga ule wa giza, akageuza viganja vyake vikawa vya buluu.

"Sasa hili ndilo dirisha," akasema. "Wabeja, fundi. Asante."

Akaninyooshea mkono. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona kabla yake kwamba lilikuwa zuri kuliko la kwanza, na hilo ndilo lililonichoma. Nikatia koleo na almasi yangu guniani, nikampita mkono wake ukiwa bado hewani.