Askari Niliowaacha Ruangwa

Nakumbuka siku moja nilipanda gari la kurudi Nachingwea nikiwa nimeacha askari kumi na mmoja Ruangwa, wala sikugeuka nyuma. Usishtuke, mwanangu. Askari wenyewe urefu wao kidole gumba, wa mpingo, kawachonga Mjomba Chilumba, nami nikawapaka rangi ya kucha ya dada yangu, ambaye mpaka leo anasema aliibiwa.

Mchezo unaujua, maana ndio uliokununisha mwaka mzima: vita vya mezani. Milima ya vitambaa, nyumba za maboksi, dadu za kuamua nani kapigwa, na futi ya cherehani ya kupimia kila hatua. Mchezo huu ulikuja kwetu na mwalimu mmoja wa hesabu aliyehamishiwa huku, sheria zote ziko kwenye daftari lake. Sisi tukaongeza ya kwetu: mchezo ukiisha, mshindi anamrudishia mwenzake wafu wake mkononi, mmoja mmoja, akimwambia kila mmoja kauawa na kosa gani. Aliyeshindwa anasema asante.

Mwaka ule, kwenye mashindano ya kila mwaka kule Ruangwa, nilifungwa michezo yote. Wa mwisho alinifunga Somoe, fundi cherehani wa Ruangwa, mtani wangu, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wangu alikuwa yeye. Alipoinua askari wa kwanza tu, nikasema gari litaniacha. Gari lenyewe lilikaa stendi saa nzima likingoja abiria, nami nimo ndani, kofia usoni.

Baada ya hapo nikawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nakaa, nasimama. Naanza kupalilia, naacha jembe katikati ya tuta. Nikiulizwa kama nitarudi mashindanoni, nasema mguu unauma; mguu upi, ilitegemea siku. Mimi ni mtu wa nyumbani, hata Marambo, hapo jirani tu, naiona mbali, kwa hiyo watu waliniamini. Mikono tu ndiyo iliyokataa kutulia: nikiona kokoto, nazipanga safu.

Mwishowe nikaenda kwa Mjomba na kipande cha mpingo. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Nikamwomba anichongee jeshi jipya, kwani lile halikuwa na bahati.

Akapiga tezo mara tatu kabla ya kunijibu. "Wale wako wapi?"

"Ruangwa, Mjomba."

"Wamehamia?"

Nikaanza kupanga safu vibanzi vya mpingo vilivyoanguka chini.

"Kipande hiki nitachongea mwiko, angalau utatoka jikoni," akasema. "Wewe unatazama ulipoangukia. Ulipojikwaa anapajua Somoe. Kawachukue wale kwanza."

Mashindano ya mwaka uliofuata yalipofika nikaenda. Somoe akanipokea mlangoni.

"Karibu, mtani. Mguu umepona? Ule wa kulia, au wa kushoto?"

Kumbe habari zangu husafiri kuliko mimi. Akafungua kopo la vifungo, wafu wangu wamo humo mwaka mzima.

"Huyu alijificha nyuma ya nyumba, nikamzunguka. Huyu naye nyuma ya nyumba. Huyu..."

Kufika wa sita, watu wakawa wanamtajia kabla hajafungua mdomo. Wote kumi na mmoja, kifo kimoja. Nilikuwa nawaficha rangi isichubuke.

"Mtani," akasema, "jeshi lako linapenda nyumbani kama bwana wake."

Nikasema asante mara kumi na moja. Kumi za kwanza zilipita menoni. Ya mwisho ilitoka moyoni.

Mchana ule nikawatoa nje, rangi ikachubuka. Somoe akanifunga tena, akanirudishia wanane. Safari hii kila mmoja alikuwa na kosa lake. Sijawahi kurudi Nachingwea nimefurahi vile.

Sasa nimesikia nawe uliondoka Ruangwa kabla ya kurudishiwa wako, na unashinda kwenye simu ukitafuta jeshi jingine. Na unazunguka uani, nakuona, nazijua hizo hatua. Mficha uchi hazai, mwanangu. Nenda, kinga mkono, sikiliza kosa la kila mmoja mpaka wa mwisho, useme asante hata kama meno yamebana. Halafu cheza.

Mungu akupe masikio makubwa kuliko aibu yako, dadu zako zikuonee huruma, na gari la kurudi likukute umekwisha kushukuru.