Boti ya Maharage

Mwanangu wa kwanza, yule ambaye bandarini wanamwita Girisi, hakusomea injini. Alizifuata kwa masikio tangu mdogo. Akisikia mashine inakohoa mtaani, anaacha chakula. Alipoajiriwa kwenye boti ya mizigo, boti kuukuu ya mbao, nilimwambia baba yake kwamba sitapata usingizi tena. Akanicheka, eti hata zamani sikuwa nao.

Siku boti ilipozama nilikuwemo, nikisafirisha maharage yangu pamoja na ya wenzangu. Magunia kadhaa yalichanika wakati wa kupakia. Nahodha akasema yaliyomwagika yaachwe huko chini tumboni mwa boti, yatazolewa tukifika.

Katikati ya ziwa mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Macho yangu yalikuwa kwenye bomba linalotema maji nje. Maji yake yakapungua, kisha likawa linadondosha tu. Nikamwambia nahodha. Akaniuliza kama nimekuja kukagua boti au kuuza maharage.

Girisi alikuwa ameshashuka. Nikachungulia chumba cha injini: maji magotini, mkono umezama ndani ya pampu ya kutolea maji, anachokonoa maharage. Akitoa konzi, mengine yananyonywa. Na yaliyolowa ndani ya magunia yalikuwa yanavimba, yanasukuma. Mbao zikalia. Nikaona maji yakipenya kati ya ubao na ubao.

Boti ya abiria iliyokuwa nyuma yetu ikaja karibu, watu wakaanza kuhamia. Nahodha, mguu mmoja tayari uko kule, akaagiza fundi asitoke, injini isizimike.

“Toka, baba,” nikamwambia mwanangu.

“Tangulia, mama. Nikiiacha inazama.”

“Basi tutazama wote. Mimi siondoki.”

Nikakaa kwenye ngazi, miguu ndani ya maji. Akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. Akafuta mikono kwenye kaptula, akanisukuma juu mbele yake.

Hatujakaa vizuri kwenye boti ya pili, injini ikanyamaza. Ubavu ukaachia, boti ikalala, ikaenda chini na kila kitu.

Mpaka leo nahodha anawaambia watu kwamba boti yake ilizamishwa na mama wa fundi. Girisi hamjibu. Juzi, tukiwa tunakula, nikamwuliza kama naye anaamini hivyo.

“Labda tungefika, mama,” akasema, bila kuinua kichwa.

Nikaona bado ana hasira nami. Nikamwacha akasirike, nikamwongezea wali.