Makopo Sitini na Tatu na Kisanduku Kimoja

Ifahamike kwa wote wenye sura, waliowahi kupigwa picha wakiwa wamebana pumzi, na hata wale waliopepesa macho kisha wakailaumu kamera: baada ya siku kumi na moja za mashauriano mazito, yaliyohudhuriwa na mwanamke mmoja na shemeji yake mmoja, suala la kamera kubwa ya studio lilikuwa bado halijaamuliwa.

Mwanamke mwenyewe wateja humwita Bi Subiri. Jina hilo hakupewa na wazazi. Amelipata kwa jasho. Miaka ishirini anawaambia watu "subiri" kabla ya kufyatua, "subiri" filamu ikioshwa, na "subiri" tena ikining'inia kwenye kamba ya chumba cha giza kama soksi za askari. Kamera yake ni ile ya kushikiwa tumboni: unainama, unachungulia kioo cha juu, na dunia unaiona imegeuka, wa kulia yuko kushoto. Inakula filamu pana, picha kumi na mbili kwa roli, na ukiiharibu ya kumi na mbili huna wa kumlilia. Aliirithi kwa marehemu baba yake pamoja na studio, pazia lenye maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, na makopo sitini na tatu ya biskuti yaliyojaa negativu, zile filamu zilizokwisha kuoshwa.

Mwaka huu alikuwa na uwezo wa kununua kitu kimoja. Kimoja, si viwili. Ama kisanduku cha kidijitali, kinachochomekwa nyuma ya kamera mahali pa kasha la filamu: bonyeza, na picha hiyo kwenye kompyuta. Ama skana, aendelee na filamu yake na kuziingiza negativu kwenye kompyuta moja moja, taratibu, kama anayemtoa mtoto miiba. Na chuo cha uuguzi, mteja wake mkubwa kuliko wote, kilikuwa kimeleta ujumbe: safari hii wahitimu wanataka picha zao siku ile ile.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza vifaa vya umeme na mtaalamu wa mambo yote yaliyopo na yasiyokuwepo, akamletea kisanduku cha kujaribu.

"Shemeji, filamu imekufa. Tuizike, turudi kazini."

"Imekufa lini? Mbona jana nimeiosha?"

"Hata maiti huoshwa, shemeji."

Jaribio lilifanyika Jumapili, uani kwa mama mkwe, ukoo mzima umejipanga. Mama mkwe alikataa kukaa katikati, eti kuna jua. Akawekewa kiti mwisho kabisa, upande mmoja. Shemeji, kwa kuwa ndiye mwenye mtambo, alisimama mwisho wa upande wa pili, mkono kiunoni, kifua mbele, kama anayezindua daraja. Bi Subiri akainama, akachungulia kioo, akawaona wote, akafyatua.

Kompyuta ikafunguliwa. Mama mkwe alikuwa goti. Goti moja, safi, lenye heshima zake. Shemeji alikuwa sikio.

"Mimi niko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Wewe ndiye huyu hapa, mama," mwanawe akamwonyesha goti.

"Nimewazaa wote hao, halafu mimi nimekuwa goti?"

Kumbe kile kinachonasa picha ndani ya kisanduku ni kidogo kuliko filamu, lakini kioo cha juu kinaendelea kuonyesha upana wote wa zamani. Jicho lililozoea miaka ishirini halikuuliza. Mtu mwingine angelishika goti la mama mkwe kama ushahidi, akalizungusha mtaa mzima, mjadala ukafungwa. Bi Subiri si wa hivyo. Alichukua penseli, akachora mipaka mipya juu ya kioo, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga tena. Wote wakaingia, mpaka jirani ambaye hakualikwa. Picha ilikuwa kali kiasi kwamba kifungo kilichokosekana kwenye shati la shemeji kilionekana kukosekana.

"Kosa lilikuwa jicho langu," akasema. "Mashine ni nzuri. Kesho nawaambia chuo ndiyo."

Kesho yake asubuhi, kabla hajashika simu, akaingia fundi wa kuchomelea. Mama yake aliwahi kupigwa picha pale studio. Ile ya nyumbani imelowa mvua ikabaki karatasi. Je, negativu ipo?

"Hapa hakitupwi kitu," Bi Subiri akajibu kwa fahari, akashusha kopo la arobaini na moja. Marehemu baba yake alikuwa akiyafunga makopo kwa utepe, mizunguko mitatu, hewa isipenye. Akaukata utepe. Harufu ya siki ikawapiga puani. Filamu zilikuwa zimesinyaa na kujikunja mawimbi, na utando wenye picha umebanduka kama rangi ya ukuta mkongwe. Akaiinua ile ya mama wa fundi mbele ya dirisha. Gauni. Mikono miwili imepumzika mapajani. Juu ya hapo, magamba.

Fundi akatazama muda mrefu.

"Mikono ni yake," akasema. "Basi nipe hiyo mikono."

Alipoondoka, Bi Subiri alikata tepe zote sitini na mbili zilizobaki. Baba alizifungia filamu humo zisiharibike. Kumbe filamu ikizeeka hutoa yenyewe mvuke wa siki, nao ukakosa pa kutokea, ukazila humo humo ndani. Akaamua kuyapanga makopo ukutani kwa harufu, linalonuka zaidi litangulie kuokolewa. Shemeji alipokuja kuchukua jibu, akapewa kopo.

"Nusa."

"Shemeji, mimi nimesomea umeme."

"Pua umekuja nayo? Nusa."

Akanusa, machozi yakamtoka. Lakini muuzaji ni muuzaji. "Si unaweza kuzipiga picha hizi filamu kwa kisanduku hicho hicho?"

Walijaribu. Lenzi ya kamera ile haiwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko urefu wa mkono. Negativu ikatoka kama stempu iliyopotea kwenye ukungu.

"Nitakutafutia lenzi ya karibu."

"Lini?"

"Mwezi ujao, au ule mwingine."

"Chukua kisanduku chako, shemeji. Niletee skana."

Kisha akampigia mkuu wa chuo, bila kukaa chini. "Siku ile ile sitaweza. Nitawaletea baada ya wiki."

"Basi tutamwita yule wa pale kona."

"Mwiteni. Mwambieni tu asiwapange wakitazama jua."

Skana ilifika. Kila siku, wateja wachache wakishaondoka, anawasha feni itoe harufu ya siki mlangoni, anainyoosha filamu chini ya kioo cha skana, anaipuliza vumbi, anabonyeza, anangoja. Zilizokwisha kuwa magamba anaziingiza vilevile: mikono, viatu, nusu ya bibi harusi.

Juzi shemeji alisimama mlangoni, akavua kofia, sauti ikawa ya msibani.

"Shemeji, nakiri. Siku moja mji huu utasema kuna mwanamke alipigana na wakati kwa ajili ya sura za watu. Siku hiyo ukisimamishwa mbele yao, utawaambia nini?"

Bi Subiri hakugeuka.

"Kwamba nipo kopo la nne," akasema. "Sogea, unaziba feni."