Jina la Mtu Aliye Hai

Nilirudi nyumbani Kariobangi kwa likizo yangu ya kwanza ya chuo nikakuta kila mtu amechoka. Mtoto wa dada yangu, kifungua mimba wake, alilia mchana kutwa. Ubatizo ulikuwa Jumapili na bado hakuwa na jina.

Shemeji yangu, fundi wa mabati kutoka Murang'a, alikuwa na hakika: kwao mwana wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba. Mama naye alikuwa na hakika. Kwetu magharibi mtoto hupewa jina la marehemu. Akilia bila kukoma hutajiwa majina ya waliotangulia, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake.

"Baba yako si bado anakula ugali?" Mama alimwuliza. "Unampaje mtoto jina la mtu aliye hai? Unataka tumzike nani kati yao?"

"Mama, kwetu hiyo ndiyo heshima."

Mimi, niliyefundishwa kutilia shaka kila hoja, nilikuwa na hakika kwamba tatizo ni gesi tumboni. Nikamnywesha mtoto dawa kutoka dukani. Mama alipoanza kuwataja wafu wetu, nikamwomba aniruhusu nichanganye na maneno yasiyo majina ya mtu yeyote, ili tupime.

"Pima, mwalimu."

Akamtaja baba yake. Kilio. Akamtaja kaka yake. Kilio. Nami nikasema, "Sufuria."

Mtoto akanyamaza, akanikodolea macho.

Dada yangu alicheka hadi akaketi sakafuni. "Haya, tumbatize Sufuria!"

"Ameshangaa tu vile mjomba wake ni mjinga," Mama akasema. "Na huyo kaka yangu alikuwa mtu wa kuchelewa. Ndiyo kwanza amefika."

Nilitaka turudie, kwa kuwa huenda hata dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi. Lakini mtoto alikuwa amesinzia, na dada akamfunika shuka.

"Wacha! Usimguse," dada akasema.

"Hata kwa ajili ya ukweli?"

"Huo ukweli utakuja kumbembeleza akiamka?"

Jumamosi nilimkuta Mama mlangoni akikata sukuma wiki, kisu kikisimama kila mara. Shemeji hakuwa amebadili msimamo, na dada alikuwa amekubaliana naye. Mama alikuwa amezika watoto wawili kabla yetu, nami nilijua anachokiogopa.

"Wewe umesoma, baba," akaniambia. "Niapie kwamba jina hilo halitamdhuru."

Nilitamani kuapa. Nilipekua yote niliyofundishwa, na kila hoja ilinifikisha karibu, kisha ikaniacha hapo.

"Naamini halitamdhuru, Mama. Kuapa siwezi."

"Kumbe hata wewe hujui," akasema, bila dharau yoyote, akasogea kidogo ili nami nipate mahali pa kuketi. Tukakata mboga pamoja.

Kesho yake mchungaji aliuliza mtoto ataitwa nani. Shemeji alifungua kinywa, lakini Mama, aliyempakata mtoto, akamtangulia. Alilitamka jina la mzee wa Murang'a kwa sauti ambayo kanisa zima lilisikia, huku amembana mjukuu wake kifuani kama mtu anayevuka barabara yenye magari mengi.