Mteja Akiinua Macho

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ilikuwa ya mvua, nami nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la chai pale Rayners Lane, London, karibu na stesheni, nikipima majani kwenye mizani. Ilinirudia jana uliponipigia simu kuniambia kwamba Jumatatu unaanza kazi katika duka la chai huko Walthamstow, na kwamba meneja anataka umfuate kila mteja kabla hajakunja hata mwavuli wake. Uliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yako, utafanyaje ikiwa mteja hataki kusemeshwa. Nikakwambia tutazungumza. Basi tuzungumze. Mimi nitasema Kiswahili changu, na wewe utanijibu kwa lugha utakayo.

Wakati huo nilikuwa kijana, sina muda mrefu tangu nitoke Tanga, na nilikuwa nikiishi Hounslow kwa shangazi yangu, ambaye alikuwa akifanya usafi uwanja wa ndege. Kabla sijawa muuzaji nilikuwa mnunuzi, na nadhani hapo ndipo pa kuanzia.

Shangazi aliugua mafua makali, akatamani chai nzito ya nyumbani, ya maziwa na tangawizi. Ile ya kwenye vifuko aliikataa, akasema ni maji yaliyopakwa rangi. Nikaenda duka moja kubwa la mjini. Sijavuka mlango vizuri, kijana mwenye aproni nyeusi alikuwa amekwisha nifikia na sinia ya vikombe vidogo. Akanitia kimoja mkononi. Akauliza kama napenda chai nyeusi au ya kijani, kama ni ya zawadi au ya kwangu, kama nimewahi kuonja ya maua. Alikuwa na adabu, sikatai, na alitabasamu muda wote. Lakini Kiingereza changu kilikuwa cha darasani. Kila swali nililitafsiri kwanza kichwani, na kabla sijamaliza moja, yeye alikuwa mbele kwa mengine. Alipofungua kopo na kulileta puani kwangu, nilisema asante, asante, nikirudi nyuma, hadi nikajikuta nje barabarani na kikombe chao mkononi. Nikakiweka kwenye kizingiti cha dirisha lao, nikaondoka mbio kama mtu aliyeiba.

Mfanyakazi mwenzake shangazi ndiye aliyetuelekeza Rayners Lane, kwa Mama Kusum. Huyu alikuwa Mhindi aliyezaliwa Moshi, mjane, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Nilipoingia aliinua kichwa, akanikaribisha, akarudi kwenye kazi yake. Hakuna zaidi. Nikazunguka nitakavyo. Nilisoma makopo, nikainama, nikanusa, hakuna aliyenisogelea. Nilipofika kwenye viungo nikajisemea, kumbe iliki wanayo. Nikasikia mtu anacheka taratibu, kisha sauti yake kwa Kiswahili kilichonyooka: "Na tangawizi iko hapo chini, mwanangu. Unampikia nani?"

Nikamweleza habari za shangazi, na mwisho nikajikuta namweleza habari za Tanga nzima. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa pale. Msaidizi wake alipohama London, Mama Kusum aliniuliza kama naweza kusimama dukani, nami nikakubali kabla hajamaliza kuuliza.

Sasa, kwa yale yaliyonipata mjini, niliingia kazini na sheria yangu mwenyewe: mteja aachwe. Niliwakaribisha watu kwa upole, kisha nikashughulika na mizani na mifuko yangu. Nilijiona muungwana kweli. Wengi walifurahi, maana wako watu ambao duka la chai kwao ni mahali pa kupumzisha akili, na neno moja la ziada linawafukuza. Mama Kusum alikuwa akinitazama.

Ndipo ikaja ile siku ya mvua.

Aliingia mama mmoja Mwafrika, mtu mzima, kitenge kikichungulia chini ya koti zito. Nikamkaribisha kwa Kiingereza, akaitikia kwa kichwa. Akasimama mbele ya makopo kwa muda mrefu. Alichukua moja, akaligeuza, akalirudisha. Akachukua jingine. Nilikuwa namwona kwa pembe ya jicho, na nakumbuka nilijisifu moyoni kwamba simsumbui. Baadaye akafunga vifungo vya koti lake, akatoka mikono mitupu.

Mama Kusum alikuwa chumba cha nyuma akichambua iliki, mlango uko wazi. Akaja akasimama karibu nami.

"Yule mama alikuwa anatafuta nini?"

"Sijui, Mama. Alikuwa anatazama tu."

"Alikuwa anakutazama wewe," akasema. "Siku ulipokuja hapa mara ya kwanza mimi nilikuacha, ni kweli. Lakini nilikuacha huku nakuangalia. Wewe umemwacha yule, ukaangalia mizani."

Hakupandisha sauti, mwanangu. Laiti angefoka, ningejitetea. Alisema kwa sauti ile ile aliyonionyesha nayo tangawizi, na kwa hiyo yakaniingia yote. Kisha akatazama dirishani, akaniambia kwamba mvua imemzuia, bado yuko pale nje chini ya turubai. Akanionya nisimwite aje kununua.

Nikatoka. Sikujua nitaanzaje, basi nikasimama kando yake tu, sote wawili tunatazama barabara. Kidogo akanong'ona, "Eh Mungu yangu, na leo tena mvua."

Kiswahili. Nikamgeukia nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akacheka, kwa sababu kwao Kongo hawaamkiani hivyo, lakini alitambua kuwa ni heshima. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia, naye akasema yeye ni wa Bukavu na anaitwa Mama Furaha. Tukaongea habari za baridi na mabasi. Neno chai sikulitaja. Nilimwambia tu kwamba ndani kuna kiti na joto, asubiri mvua ipungue. Akasitasita, akanitazama usoni.

"Ile maandiko yote pale ndani," akasema, "mimi sijue kusoma. Nikaogopa kuuliza. Nikasema, huyu mtoto ataniona mujinga, naulizia kitu chenye kimeandikwa."

Mwanangu, nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake muda wote ule.

Tukaingia, akaketi, na hapo akanieleza kilichomtoa nyumbani. Binti yake Neema alikuwa amechumbiwa na kijana Mwingereza, na wazazi wa kijana walikuwa wanakuja kesho yake kuonana naye kwa mara ya kwanza. Neema alitaka wanunuliwe chai waliyoizoea, wasije wakaona ugeni. Mama Furaha alikataa. Alisema nyumba ni ndogo, Kiingereza chake kidogo, viti vya kuazima. Kama hata chai itakuwa ya kwao, yeye mwenyewe atakuwa wapi mle ndani? Alitaka ile aliyokua nayo, na jina lake hakulijua. Kwao ilikuwa inaitwa chai tu.

Nilitamani kumwambia mengi niliyokuwa nimejifunza kuhusu majani. Nikajizuia. Nilishusha makopo kutoka kwenye rafu, nikayafungua mbele yake, nikarudi nyuma kidogo nimwachie nafasi. Akanusa moja, akatikisa kichwa. Akanusa jingine, akakunja uso, tukacheka wote. Alipofika kwenye kopo la majani ya milima ya kwetu Afrika, meusi, ya chengachenga, akanusa mara mbili. Akalishika kwa mikono miwili.

"Ni hii yenyewe," akasema. "Ile yenye mama alikuwa anatupikia."

Mama Kusum, aliyekuwa akisikiliza kutoka nyuma, akaweka sufuria jikoni ili mgeni ahakikishe. Mama Furaha ndiye aliyetufundisha siku hiyo inavyopikwa kwao na mchaichai, na sisi tukamfuata. Alipoondoka mvua bado ilikuwa inanyesha, lakini hakuonekana kuijali.

Juma lililofuata alirudi na Neema. Binti alikuwa anacheka, mama anajifanya mkali. Wakatusimulia kwamba ile ziara ilianza kwa ukimya mzito, kila mtu anatazama magoti yake, mpaka chai ilipokuja. Baba wa kijana akaomba kikombe kingine. Mama wa kijana akainuka, akamfuata Mama Furaha jikoni kutazama inavyopikwa, na humo jikoni, huyu kwa Kiingereza na yule kwa Kiswahili, walikaa hadi wanaume wakaanza kuulizana wamekwenda wapi. Neema alikuja kununua kopo la kumpelekea mama mkwe.

Harusi tulialikwa, mimi na Mama Kusum, tukakaa meza moja na wenyewe. Na huyo Mama Furaha ndiye yule Bibi unayemkuta kwangu kila Idi, anayekukaripia kwa kutojibu kwa Kiswahili. Hukujua tulikutana wapi. Sasa unajua.

Basi nisikilize. Meneja wako ana haki ya kutaka chai iuzike, usianze kazi kwa kubishana naye. Mteja akiingia, mkaribishe asikie sauti yako na ajue ameonekana, kisha mpe muda wa kuzoea. Mikono yako iwe na kazi, ili asijione analindwa kama mwizi, lakini macho yasilale. Akikwambia anatazama tu, mwamini. Akishika kitu na kukirudisha, akakishika tena, au akiinua macho na kukutafuta, hapo amekuita, hata kama hajafungua mdomo. Nenda ukasimame ubavuni kwake, usimzibe njia. Muulize swali moja, na bora liwe la yule atakayeinywa chai, si la bei wala la aina ya majani. Halafu ngoja jibu. Kungoja jibu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, mimi bado najifunza.

Wako pia watakaokuja kwa ajili ya maneno zaidi kuliko chai, hasa wazee wanaoishi peke yao. Hao waongeleshe, hata kama wataondoka na kifuko kimoja. Na wako watakaokuwa kama mimi na lile sinia, wanaohitaji kwanza kuvuta pumzi. Huwezi kuwajua kwa rangi ya uso wala kwa koti walilovaa. Utawajua kwa kuwatazama kwa nia njema, kila mmoja kivyake, hata mwisho wa siku miguu inapouma.

Mwenyezi Mungu akutangulie Jumatatu hiyo, mwanangu. Akupe ulimi mwepesi wa kukaribisha na mzito wa kuhukumu. Akukutanishe na watu wema mbele ya kaunta na nyuma yake, riziki yako iwe ya halali na ya furaha, na yeyote atakayepita mlango wa duka lile ukiwa umesimama pale, atoke akiwa ameheshimiwa. Amina.