Boda Boda Ilipofika Mpakani

Nilifundisha miaka mingi, na ugonjwa wa ualimu haustaafu. Siku mama alipopasuliwa jicho hospitalini mjini Machakos, ugonjwa huo ulinipanda vibaya.

Daktari alionya: vumbi lisiguse hilo jicho, mgonjwa afike nyumbani moja kwa moja. Mama haamini pikipiki yoyote ila ya jirani yetu wa Mumbuni, anayeendesha kama aliyebeba mayai. Jirani akaja hadi langoni, mama akapanda, bandeji usoni. Kabla pikipiki haijawaka, mwenyekiti wa steji ya pale, kituo cha boda boda, bwana mwenye fulana mpya ya riflekta na kitambi cha zamani, akachomoa ufunguo.

"Hapa unashukisha tu. Kubeba ni sisi. Steji yako iko Mumbuni."

Ndiyo sheria yao: mgeni huleta abiria, hachukui. Mpaka wa himaya yao ni mtaro wa maji machafu, hatua kama mia mbili kuteremka. Ng'ambo ya mtaro beba umtakaye.

Nikakohoa, nikaanza somo. Niliwaambia neno boda boda lilizaliwa Busia, ambako watu wa baiskeli walivusha abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda, wakinadi safari kwa kuita, "Boda! Boda!" yaani mpakani, mpakani.

"Kazi iliyopata jina kwa kuvuka mipaka," nikasema, "leo nyinyi mmekuwa maaskari wa forodha wa mtaro! Hamwoni haya?"

Nilijipenda sana hapo.

Mwenyekiti akacheka. "Mwalimu, hata huko Busia wako na steji."

Hilo lilinichoma. Mtu asiye na jibu hupandisha sauti, nami nikairudia Busia upya, baiskeli baada ya baiskeli. Nilipogeuka kumwonyesha mama kama ushahidi wa ukatili wao, kiti kilikuwa kitupu.

Alikuwa ameshafika karibu na mtaro, leso usoni, mkono mmoja ukipapasa ukuta, lori likimtimulia vumbi. Waendeshaji wote wa steji walikuwa wakimtazama yeye. Mwenyekiti akamrudishia jirani ufunguo bila kuniangalia.

Nilimkimbilia nikiwa nimejaa aibu. "Mama, si ungeningoja?"

"Mwana wakwa, wale walitaka hatua mia mbili, nimewapa. Wewe ulitaka kushinda, na mimi jicho linauma. Sasa nishike mkono, huu mtaro siuoni."