Waya Uliokunjwa Siku ya Mazishi ya Baba

Siku tuliyomzika baba yangu sijaisahau, mwanangu, na sasa unapoanza kazi hii ya kuvuta umeme kwenye nyumba za watu, nataka uisikie. Nilikuwa na umri kama wako, nikijifunza kwa Muzee Lokana, fundi umeme wa hapa Mudzipela. Akina mama waliokuja kulia walikuwa wameketi mikekani kando ya ukuta, watoto wao wamelala. Msalaba wa chuma wa kaburi ulikuwa haujamalizika, basi jirani akaleta mashine yake ya kuchomelea, nami nikavuta umeme kutoka jenereta ya kanisa.

Waya ulikuwa mrefu kuliko uwanja wenyewe. Kwa kuwaheshimu waombolezaji, wasije wakajikwaa, niliukunja wote uliozidi, nikaubana kwa kamba na kuuweka nyuma ya mikeka. Nilijiona nimefanya kazi safi sana.

Jeneza lilikuwa karibu kutolewa, jirani bado akichomelea, Muzee alipofika kutoa pole. Aliuona ule mkunjo, akaenda moja kwa moja kuzima jenereta. Hasira ilinipanda mbele ya watu wote.

"Muzee, juu ya nini unazima? Weye uko nachelewesha baba yangu!"

"Baba yako atatungoya. Moto haiwezi kungoya. Kuya, tia mukono hapa."

Niliingiza mkono katikati ya mkunjo, nikautoa haraka. Plastiki ilikuwa imelainika hadi inanata vidoleni, na mtoto mchanga wa dada yangu amelala pale pale, karibu kuugusa. Nikamsogeza mbali upesi.

Hakunikaripia zaidi. Tulipokuwa tukiukunjua kando ya ua, alinieleza polepole. Waya ulionyooshwa, kila sehemu yake inapata hewa na kutoa joto lake. Ukikunjwa, sehemu za ndani zinapashana joto zenyewe kwa zenyewe. Umeme ni uleule, waya ni uleule, umbo tu ndilo limebadilika. Ndiyo maana nyaya za kwenye nguzo, zikipigwa na upepo, hazichemki upesi. Ndiyo maana pia ukanda bapa wa shaba hupoa upesi kuliko fimbo ya mviringo yenye uzito uleule, kwa kuwa hewa inaugusa mahali pengi zaidi.

Msalaba ulipomalizika, baba alizikwa jua likishuka. Wajomba walininung'unikia njia nzima hadi makaburini kwa kuchelewesha mazishi. Nilikuwa nimembeba yule mtoto.

Basi, mwanangu, kunjua waya wote kabla hujawasha, hata wakubwa wakikuharakisha. Usifunge pamoja nyaya zenye kazi nzito ili zipendeze macho. Na mtu akikusimamisha wakati moyo wako una uchungu, msikilize kwanza. Hasira utaipata baadaye ukiihitaji. Mungu ailinde mikono yako, na kila nyumba utakayoiwashia taa, waliolala ndani waamke wote.